Moto Mdogo wa Ziwa Korongo

Ziwa Korongo
21 Aprili 2018

Shangazi Verna,

Shikamoo. Natumaini ngazi ya mnara wako wa kulinda moto haijakuumiza goti, na kwamba yule dubu wa mwaka jana amepata shughuli nyingine. Huku sote wazima. Bibi anakohoa, lakini anasema ni moshi wa jiko na si ugonjwa, na ukimbishia anakohoa zaidi makusudi. Baba ametengeneza mlango wa nyumba yako kama ulivyomwomba. Sasa unafungika vizuri sana, ila haufunguki. Anasema atashughulikia kabla hujashuka. Mama anakutumia nyama iliyokaushwa na jamu ya beri. Rubani anayekuletea mizigo akisema jamu ilimwagika njiani, usimwamini.

Sasa naomba usome polepole, maana hapa ndipo penyewe.

Chuo kikuu cha Edmonton kimenikubali nikasomee misitu, tena kwa ufadhili. Barua ilikuja Jumanne. Mama alilia. Baba alitoka nje akaanza kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa. Mimi nilijifungia bafuni kwa sababu sikujua uso wangu ulitakiwa ukaeje.

Shida ni kwamba Ambrose naye ana mpango. Unamjua binamu yangu, jambo likimwingia kichwani hamwachi mtu akapumua. Anataka tufungue kampuni, mimi na yeye, majira haya haya ya machipuko. Ana pikapu, ana pampu ya maji, na jina la kampuni ameshalipaka rangi mlangoni: Moto Mdogo. Watu watatuita tuwachomee majani makavu kuzunguka nyumba zao wakati theluji bado ipo msituni, kama Bibi na wenzake walivyokuwa wakifanya kabla serikali haijawakataza. Unajua hili ndilo jambo ninalotaka watu wote wa kaskazini walijue kabla sijazeeka: kwamba moto mdogo wa machipuko unaunyima chakula moto mkubwa wa kiangazi. Nimekuchosha nalo tangu nikiwa darasa la saba.

Ila sijui ni njia ipi italifikisha kwa watu. Nikiwa na shahada, wakubwa wa wizara watanisikiliza, lakini ni baada ya miaka minne, na huenda majirani wasinisikilize tena kwa sababu nitakuwa nazungumza kama wakubwa wa wizara. Nikifanya kazi na Ambrose, majirani wataona kwa macho yao, lakini nje ya hapa nani atajua? Nilimwambia hivyo Ambrose. Akasema, "Profesa, ukimaliza kusoma, msitu utakuwa majivu. Utatuandikia kitabu kizuri sana kuhusu majivu."

Baba akadakia, "Na kampuni yenyewe ni pikapu isiyo na taa ya nyuma."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Jumamosi ijayo, hali ya hewa ikikubali, tutachoma uwanja wa nyuma ya ukumbi wa kijiji, watu waje waone. Kibali tumepata. Ambrose anataka mimi ndiye niwaeleze watu. Mimi! Unakumbuka mwaka jana nilivyopewa shairi nilisome mbele ya shule, nikaisomea sakafu.

Chuo kinataka jibu kabla ya tarehe 31 Mei. Ningekuita kwa redio, lakini najua minara yote inasikiliza, na sitaki kila mlinzi wa msitu ajue kwamba mtoto wa Lucien hajui afanye nini na maisha yake. Nijibu kwa ndege ya kwanza. Niambie tu: niende au nibaki?

Mwanao,
Noelie

*

Mnarani
5 Mei

Noelie mwanangu,

Marahaba. Rubani anakunywa chai yangu huku anatazama saa, kwa hiyo naandika kama mtu anayekimbizwa. Jamu imefika yote. Goti linalalamika kwenye vidato vya juu tu. Dubu amerudi, na safari hii amekuja na mtoto wake. Mwambie kaka yangu kwamba mlango ni kitu cha kufunguka.

Hongera. Ile sehemu ya chuo nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea rubani, naye anakupongeza. Najua, bora ungetumia redio.

Swali lako silijibu kwa dakika hizi chache. Nitalijibu kwa ndege ya mwanzoni mwa Juni. Ndiyo, najua tarehe yako ni kabla ya hapo.

Ninachotaka kujua mimi ni kingine. Mlichoma? Ule uwanja upande wa mashariki unaishia kwenye kinamasi cha jirani yetu Clarence. Pale udongo wenyewe ni majani na mizizi iliyooza ikakauka, na unaungua chini kwa chini kama tumbaku ndani ya kiko. Juu huoni kitu. Nilikufundisha: unavua glavu, unapapasa majivu kwa mgongo wa mkono, ukingo wote, hatua kwa hatua, halafu unachimba na kupapasa tena. Je, ukingo wa kinamasi uliupapasa? Wewe, kwa mkono wako? Nijibu hilo kwanza.

Rubani amesimama.

Shangazi yako,
Verna

*

Ziwa Korongo
16 Mei

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana kupitia ofisi ya misitu. Bibi amepona, na sasa anasema hakuwahi kukohoa. Mama amepanda viazi mapema mno, Baba amemwambia baridi itavirudia, hawajasemezana tangu asubuhi. Mtoto wa dubu anafananaje?

Tulichoma! Ningependa ungekuwepo. Hakukuwa na upepo kabisa, theluji ilikuwa bado imelala chini ya misonobari, majani ya uwanjani makavu kama karatasi. Ambrose na vijana wawili walishika pampu. Watu walikuja wengi kuliko wanaokuja kwenye mikutano ya baraza, ingawa Ambrose anadai ni kwa sababu alitangaza kutakuwa na soseji. Bibi aliletewa kiti chake mbele kabisa. Nilipoanza kueleza akaniambia, "Sema kwa sauti, hatukuja kutazama midomo."

Basi nikasema kwa sauti. Shangazi, sijui ilitoka wapi. Moto ulikuwa unatembea taratibu kwenye majani, chini ya magoti, unaacha weusi nyuma yake, na mimi nilikuwa naeleza na watu walikuwa wananitazama mimi. Sikutazama viatu vyangu. Kuna mama alitoka gazeti la mji wa Mto Mweupe, aliniuliza maswali mpaka soseji zikaisha. Tangu siku hiyo nyumba nyingi zimetuita. Mzee Clarence tu ndiye hakuja. Alisimama kwenye uzio wake na farasi wake, akaangalia kwa mbali, kisha akaingia ndani.

Kuhusu ukingo, tulipapasa. Ambrose alikuwa makini sana. Usiwe na wasiwasi.

Tatizo ni kwamba sasa naelekea kubaki, na kila ninapoelekea kubaki naamka usiku nikiwa nimekaa kitandani. Mama ameshanunua sanduku la kusafiria. Limekaa mlangoni, jekundu, kila mtu analizunguka na hakuna anayelitaja. Ambrose ameshachapisha kadi zenye jina langu. Ndege yako haitafika kabla ya tarehe ya chuo, kwa hiyo nitaamua bila wewe. Nadhani ndivyo ulivyotaka.

Noelie

*

Mnarani
2 Juni

Mwanangu Noelie,

Marahaba, na salamu kwa wote, hasa kwa mama yako na viazi vyake. Goti limenyamaza. Mtoto wa dubu ana masikio makubwa kuliko akili. Juzi alikwama ndani ya ndoo yangu. Mvua haijanyesha hapa kwa muda mrefu. Majani ya chini yananong'ona ukiyakanyaga, na sipendi hali hiyo.

Umekwisha kuamua, na nimekuacha uamue peke yako. Una haki ya kununa. Lakini nilikuahidi jibu, basi hili hapa, kadiri ninavyoweza.

Nimekaa juu ya mnara huu misimu mingi. Nikisema kwenye redio "moshi", watu wanaacha chakula mezani na kupanda helikopta. Hakuna anayeuliza nina shahada gani. Hakuna anayeuliza kama nina kampuni yenye jina mlangoni. Wanakuja kwa sababu wamezoea kwamba sauti hii ikisema kitu, kitu hicho kipo. Haikuanza hivyo. Mwaka wa kwanza waliniita "yule mwanamke wa mnarani" na walikuwa wanaomba mlinzi mwingine athibitishe kwanza. Sijui kama kuna shule ya kufundisha hilo, wala sijui kama kuna biashara ya kuliuza. Chuo ni kizuri. Pikapu ya Ambrose nayo ni nzuri, ikiwekwa taa. Kinachonisumbua ni kwamba umeniandikia ukurasa mzima kuhusu jinsi watu walivyokutazama.

Na umeniambia "tulipapasa". Mimi nilikuuliza wewe.

4 Juni. Naendelea. Leo upepo unatoka kusini, wa nguvu na wa joto. Nimekula asubuhi, sasa napanda. Nitamalizia wakati wa chakula cha mchana, maana nina jambo la kukuambia ambalo nimelizunguka tangu

Nimeshuka. Ni saa tisa. Kuna moshi upande wenu, nimeshautangaza kwenye redio. Rubani ameteremsha mizigo yangu bila kuzima injini, ameitwa huko huko. Natuma barua kama ilivyo. Mengine siwezi kuandika sasa, narudi juu.

V.

*

Ukumbi wa michezo wa shule, Mto Mweupe
19 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nadhani Baba amekupata kwa redio, kwa hiyo unajua kwamba wote tuko hai na tumehamishiwa hapa. Naandika hata hivyo. Bibi amepewa kitanda karibu na goli la mpira wa kikapu na anawafukuza watoto kwa fimbo. Mama anapika na wanawake wengine jikoni mwa shule. Viazi vyake havijaguswa, ukiamini hilo. Kesho wanaturuhusu kurudi nyumbani.

Moto ulitoka kwenye kinamasi. Ulikaa chini ya ardhi kuanzia siku ile tuliyochoma, mwezi na zaidi, ukitambaa ndani ya udongo, na upepo ulipokuja ukatoka juu nyuma ya ghala la Clarence. Ghala limekwisha na majani yote aliyoyaweka kwa ajili ya farasi. Uzio umekwisha. Misonobari ya nyuma ya ukumbi imekwisha. Farasi Clarence aliwatoa mwenyewe, akaungua mkono. Nyumba zenyewe ziliokolewa na helikopta, na pia na uwanja wetu mweusi, kwa sababu moto ulipofika pale ulikosa chakula. Ilikuwa kweli, Shangazi. Nilichokuwa nawaambia watu kilikuwa kweli, na hakuna mtu anayeweza kukisikia sasa. Hapa ukumbini mtu akiwasha kiberiti kwa ajili ya sigara, wenzake wanamwambia, "Angalia, moto mdogo huo." Halafu wananiona nimekaa, wanageukia pembeni.

Uliniuliza mimi, nikakujibu "tulipapasa". Ilikuwa hivi. Ambrose alichukua upande wa kaskazini na wa kusini, akanipa mimi ukingo wa kinamasi kwa sababu mimi ndiye uliyenifundisha. Nilianza. Nilivua glavu, nikapapasa sehemu ndogo. Kisha yule mama wa gazeti akaja na maswali yake, na watu wakasogea kusikiliza, na mimi nikasimama ili nisijibu nikiwa nimepiga magoti na matope mikononi. Ambrose alipopita na ndoo akaniuliza, "Ukingo wako vipi, Profesa?" Nikasema, "Nimemaliza." Akaniamini akaenda kufunga pampu.

Wachunguzi walipokuja, Ambrose aliwaambia yeye ndiye mkubwa na yeye ndiye aliyekuwa na jukumu la kukagua. Nilikuwepo. Nilimwacha aseme. Siku ya pili niliwafuata garini nikawaambia ukweli. Wakaandika. Mmoja akasema, "Asante, mdogo wangu," kwa upole, na ningependa angenitukana. Ambrose amekasirika kwamba nimesema. Ameenda kutafuta kazi kwenye visima vya mafuta. Amefuta jina mlangoni mwa pikapu kwa petroli, lakini bado linasomeka.

Kuna jingine. Tarehe 31 Mei nilikijibu chuo kwamba nakuja. Jioni ile ile nilimwambia Ambrose nabaki. Nilifikiri nitapata muda wa kumkosea mmoja wao taratibu. Sasa kila mtu ananiambia nenda, nenda chuo, utasahau, huko hakuna anayejua. Hata Baba. Sanduku jekundu tulihama nalo. Mama alilipakia kabla ya picha za harusi yake.

Wazimamoto wote walikuwa na redio wazi. Nilisikia sauti yako ukitaja mahali. Ulitaja kama unavyotaja mahali pengine popote. Ulijua kuwa ni kwetu? Ulijua kuwa ni mimi? Ulisita?

Noelie

*

Mnarani
8 Julai

Noelie mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi Bibi yako ana fimbo na mtu wa kumpigia. Mvua imenyesha hapa siku nzima, mnara unatoa sauti kama sufuria. Msalimie mama yako. Mwambie aniwekee viazi viwili vitatu.

Nilijua. Nilipoweka kipimo juu ya moshi na kusoma uelekeo, nilijua uwanja, nilijua ukingo, nilijua nani alikuwa na zamu ya kuupapasa, kwa sababu hukunijibu. Kama nilisita, hilo sitakuambia, na usiniulize tena.

Sasa nimalizie ile barua. Jambo nililokuwa nalizunguka ni hili: nilitaka ubaki. Nilitaka sana. Niliona kwamba hatimaye kuna mtu wa nyumbani ambaye atafanya machipuko nilichokuwa nakililia huku juu kila kiangazi, na niliona aibu kukuzuia usisome kwa ajili ya hamu yangu. Ndiyo maana nikawa nauliza maswali badala ya kujibu. Kama ningekujibu mwezi wa tano, ningekuambia baki. Shukuru nilichelewa.

Leo nakuambia nenda. Si kwa sababu wanayokupa wengine. Usiende ili usahau. Nenda kwa sababu wewe ni mtu wa vitabu, na kuna mambo ya udongo ule ambayo sisi wote tunayakisia tu. Ukirudi na elimu, watakusikiliza. Wamewahi kusahau mambo makubwa kuliko ghala.

Kuna kitu kimoja lazima nikuambie, ingawa kitakunyima usingizi. Wazimamoto wameuzima moto uliokuwa juu. Ulioingia ndani ya kinamasi ni habari nyingine. Unaweza kulala chini ya theluji majira yote ya baridi na kuamka theluji ikiyeyuka. Nimeuona ukifanya hivyo kwingine. Hakuna mtu anayeweza kukuambia leo kama huu umekufa. Mtu lazima azunguke ukingo ule kabla theluji haijaanguka na tena inapoanza kuondoka, kila siku, mpaka ardhi ilowe. Nitafanya mimi. Nitaomba ofisi wanitafutie mtu wa kukaa mnarani mwanzo wa msimu. Wewe utakuwa kwenye mitihani. Usinibishie.

Shangazi yako,
Verna

*

Ziwa Korongo
6 Septemba

Shangazi Verna,

Shikamoo. Hii nadhani ndiyo barua ya mwisho kabla hujashuka. Huku tu wazima. Viazi vimetoka vikubwa, Mama anavitembeza nyumba hadi nyumba ili Baba aone. Mlango wako umefunguka. Baba aliung'oa wote, kwa hiyo uje na blanketi. Ambrose alipita Jumapili, amenenepa, ana kofia ya kampuni ya mafuta. Aliniita "Profesa" mara moja tu, halafu akatafuta kitu cha kutengeneza ndani ya gari lake. Nilimshikia taa. Hatukuzungumza sana lakini hakuondoka mapema.

Naona nazunguka, kama wewe.

Masomo yameanza Jumanne. Mimi niko hapa.

Nilikipigia chuo simu mwezi wa nane. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja ili nisiyapoteze, na jasho likayafuta. Nilimwomba yule mwanamke anishikie nafasi yangu mwaka mmoja. Akauliza kwa nini. Nikasema, "Kuna moto niliouwasha, sijui kama umekufa." Kisha akasema ataandika "sababu za kifamilia". Siku chache baadaye wakajibu kwamba hawashiki nafasi, wala ufadhili. Naweza kuomba upya mwakani pamoja na wengine wote. Nilisoma nikiwa nimesimama kando ya lile sanduku. Mama alilichukua akaliweka juu ya kabati, na nilimsikia akikaa kitandani.

Hupendi kubishiwa, najua, lakini nakubishia. Wewe msimu ukianza uwe mnarani. Kama ule wa kinamasi ukiamka, au mwingine wowote, nataka sauti inayoita iwe ile waliyoizoea. Huku chini nitazunguka mimi. Nimeanza. Si ujasiri, naogopa sana. Naogopa kila asubuhi ninapofika ule upande ambao misonobari imesimama myeusi, naogopa kwamba nitapapasa mahali ambapo pamepoa na kupita mahali ambapo hapajapoa. Naogopa pia kwamba mwakani sitachaguliwa tena na nitakuwa nimepoteza vyote viwili. Nadhani hofu hiyo haitaondoka leo. Watu hawaniambii chochote kuhusu moto mdogo, na mimi sijaribu kuwaambia. Niliacha hilo kabisa. Nilifikiri nimeliacha.

Juzi ilibidi niende kwa Mzee Clarence kumwambia kwamba nitakuwa napita kwenye ardhi yake majira yote ya baridi. Nilikuwa sijawahi kusimama mlangoni kwake tangu Juni. Alifungua akiwa na ule mkono wake, umepona lakini ngozi yake inang'aa.

"Unataka nini?"

Nikamweleza.

"Sikukuomba unilindie kinamasi."

"Najua, Mzee."

"Na usidhani ukitembeatembea huko ghala langu litaota."

"Najua."

"Basi ingia, unaniingizia baridi."

Jikoni kwake kuna meza ndogo na kiti kimoja. Alinipa kiti, yeye akakaa juu ya pipa la chakula cha farasi. Akamimina chai. Tulikunywa, na nilikuwa natafuta namna ya kuaga, aliposema, "Kila mtu hapa ameshanisimulia uliyoyasema siku ile nyuma ya ukumbi. Bibi yako amenisimulia mara mbili. Wewe mwenyewe hujaniambia. Haya, niambie."

Nikasema labda siku nyingine.

"Ghala limeungua langu," akasema. "Niambie mimi."

Nikaanza. Shangazi, sauti ilikuwa ndogo kabisa, na hakuniambia niipandishe; alisogeza pipa karibu. Nikamweleza majani makavu, nikamweleza theluji. Alinikatiza kila nilipovuta pumzi. Kwa nini theluji iwe bado ipo? Na upepo ukigeuka? Na kwa nini zamani waliacha, ni serikali peke yake au watu nao walichoka? Mengine niliyajua. Nikamwambia jinsi uwanja mweusi ulivyousimamisha moto, akasema, "Hilo nililiona," basi.

Kisha akageuka akatazama dirishani, upande wa kinamasi, akauliza, "Na ule ulio chini pale. Uko hai?"

Nikasema, "Sijui."

Nilisubiri aniambie nitoke. Akachukua birika, akanijazia kikombe.

"Haya," akasema. "Endelea."

Mwanao,
Noelie